Witu: Dola Iliyozaliwa Mwituni Ikafa kwa Karatasi

Atokaye Garsen kwenda Lamu kwa basi hupita Witu bila ya kugeuza shingo. Aona maduka, msikiti, miembe na mikorosho, kisha basi laendelea na safari kuelekea Mokowe, naye asahau. Walakini mji huo mdogo, msomaji, ulikuwa makao makuu ya dola. Haukuwa ngome ya dola nyengine wala kituo cha liwali wa mtu. Ulikuwa mji mkuu wa dola iliyojitangaza yenyewe, ikawa na sultani wake, askari wake, mikataba yake na mataifa ya Ulaya, na hata stempu za barua kwa jina lake. Iliishi kama miaka thelathini. Kisha ikatiwa katika karatasi moja mjini Berlin, ikabadilishwa kama mtu abadilishavyo mbuzi sokoni, na kabla ya miezi minne kutimia ikateketezwa kwa moto.

Siku hizi watu hupenda sana habari za vidola vya kujitangazia. Mwaka 1968 mhandisi mmoja wa Kitaliana, Giorgio Rosa, alijenga jukwaa juu ya nguzo baharini, mbele ya mji wa Rimini, akaliita jamhuri na kulipa stempu zake. Italia ikalivunja kwa baruti mwaka uliofuata. Ni hadithi ya kuchekesha, na mimi nimeicheka. Ya Witu haichekeshi. Waliojifanyia dola pale hawakuwa na wasaa wa mchezo, kwani kila mmoja wao alikuwa amekimbia kitu.

Hatuna budi kuanzia Pate. Wanabahani walikuwa wametawala huko kwa karne nyingi, na fahari yao twaijua sote tuliosoma Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, maana ni majumba ya Pate yaliyohamwa ambayo mshairi yule aliyalilia. Yapata mwaka 1812, Pate ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa iliivamia Lamu, ikapigwa vibaya sana katika mchanga wa Shela. Watu wa Lamu hawakulala usingizi baada ya ushindi ule. Wakiogopa kisasi, walimwita Sayyid Said bin Sultan wa Maskati awalinde. Akaja, na kama ijulikanavyo katika mambo haya, aliyeitwa kuamua ugomvi hakuondoka tena.

Kwa muda wa miaka hamsini iliyofuata Pate na Siyu hazikutulia. Mara zitii, mara ziasi. Mwaka 1845 amiri mkubwa wa Sayyid Said, Hamad, aliuawa katika vita vya Siyu, na hadi leo wazee wa visiwani hulitaja jambo hilo kana kwamba walikuwako. Lakini nguvu ya Zanzibar ilikuwa ikiongezeka na ya Pate ikipungua. Alipotawala Sayyid Majid, Pate iliangushwa, na Siyu nayo ikasalimu amri mwaka 1863. Hapo ndipo atokeapo mtu wetu, Ahmed bin Fumo Luti, Mnabahani, ambaye watu walimpa jina la Simba.

Simba alitoka Pate, akapita Siyu, akavuka bara hadi Kau kando ya Mto Ozi, na mwisho akaingia Witu. Tazama alivyochagua. Pwani nzima ilikuwa imejifunza kuogopa manowari na mizinga yake. Yeye akaenda mahali ambapo mzinga wa baharini haufiki. Mji ulizungukwa na msitu mzito, njia za kuingilia zilikuwa nyembamba, za kupita mtu mmoja nyuma ya mwenzake, na penye mlango palikuwa na boma na lango la kufungwa. Hata jina la mji latuambia: ni mwitu. Mfalme wa bandari akageuka mfalme wa miti.

Lakini mfalme hatawali miti. Alihitaji watu, na watu walikuwa wakija wenyewe, usiku.

Zile zilikuwa siku ambapo mashamba ya mtama na ufuta yalikuwa yakipanuka barani mkabala na Lamu, na huko Malindi mashamba mapya yalikuwa yakifyekwa kwa wingi. Kazi ile ilifanywa na watumwa. Mikataba ya Waingereza na Zanzibar ilizuia biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na ya misafara ya bara mwaka 1876, lakini haikumfungua aliyekwisha kufungwa. Aliyechoka na jembe la bwana wake alikuwa na njia moja tu, nayo ni miguu yake. Wengine walikimbilia Fuladoyo, nyuma ya Malindi. Wengine walimfuata Mbaruk bin Rashid Mazrui kule Gasi na Mwele. Na wengi wa upande wa kaskazini walikwenda Witu.

Neno mtoro mimi nililijua chuoni kabla ya kujua historia yoyote. Mtoto akikosa darasa siku mbili, mwalimu huwatuma wenzake wamsake, na akiletwa huletwa akiburutwa, nasi twaimba kwa furaha kwamba mtoro amepatikana. Wala hatukujua kuwa neno lile tulilolifanyia mzaha liliwahi kuwa jina la watu wazima wenye bunduki, waliokuwa na vijiji vyao na mashamba yao, na ambao matajiri wa Lamu wakisikia wapo njiani walifunga milango. Watoro wa Witu walikuwa nusu ya nguvu ya dola ile. Simba aliwapa mahali pa kulima na kujenga, nao wakampa mikono ya kupigana. Yeye aliyepoteza kisiwa na wao waliopoteza makwao walikutana katika hitaji moja.

Lakini nisimpambe mtu. Zipo siku hizi maandishi yanayomfanya Simba mkombozi wa watumwa, na hayo si kweli. Simba alikuwa mwungwana wa zama zake. Hakupinga utumwa, alipinga Zanzibar. Watu wa Witu walivamia mashamba ya barani, wakachukua mazao, na wakachukua watu pia na kuwauza. Mtumwa aliyemkimbia bwana wa Lamu angeweza kuwa askari huru Witu, na mtumwa mwenzake aliyenyakuliwa shambani angeweza kuuzwa na askari yuyo huyo. Jambo hili ni chungu kulisema, hasa kwa sisi ambao majina ya babu zetu yamo pande zote mbili za hesabu hiyo. Lakini asiyelisema hasemi habari ya Witu, asema ngano.

Basi, dola ilikuwapo. Ilikuwa na mji, na vijiji kama Pumwani na Jongeni ndani ya msitu, na Mkonumbi kwenye maji. Ilikuwa na majirani walioijua na kuiheshimu kwa kiasi chake: Wapokomo wa Mto Tana, Waboni wa msituni, Waoromo na Wasomali. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu. Hapana mkubwa yeyote aliyekubali kwamba ipo. Kwa Zanzibar, Simba alikuwa mhalifu aliyejificha.

Hapo ndipo karatasi inapoingia katika hadithi hii, na tangu hapo haitoki.

Mwaka 1867 Mdachi aitwaye Richard Brenner, aliyekuwa akifuatia habari za Baron Karl Klaus von der Decken aliyeuawa Bardera miaka miwili kabla, alifika Witu. Simba alimpa ujumbe: yuataka urafiki na ulinzi wa mfalme wa Prussia. Nimelifikiri sana ombi hilo. Mtu aliyejificha katika msitu wa nyuma ya Kipini alijua kwamba Ulaya kuna mfalme ambaye si Mwingereza, na kwamba adui wa Zanzibar hapaswi kutafutwa miongoni mwa marafiki wa Zanzibar. Huo si ujinga. Ombi halikuzaa kitu wakati ule, kwani Wadachi walikuwa wakishughulika na mambo ya kwao. Lakini mbegu ilikuwa imetiwa.

Baadaye walikuja ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt. Mwaka 1878 walikuwa wameupanda Mto Tana pamoja na Daktari Fischer. Mwaka 1885 walirudi, na safari hii hawakuja kutazama mto. Tarehe 8 Aprili 1885 Clemens Denhardt alipata kwa Simba hati ya kipande kikubwa cha ardhi. Na tarehe 27 Mei serikali ya Ujerumani ikatangaza kwamba Witu imo chini ya himaya yake. Mtu aliyekaa msituni zaidi ya miaka ishirini bila ya kutambuliwa, kwa wino wa majuma saba akawa sultani anayetajwa Berlin.

Sayyid Barghash aliposikia alighadhibika, akapeleka askari kuelekea Witu. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake Unguja. Miongoni mwa waliokuja na msafara ule wa manowari alikuwamo dada yake mwenyewe, Bibi Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete, na ambaye hakuwa ameiona Unguja kwa karibu miaka ishirini. Kuna uchungu gani kwa mtu kutazama baharini akaona mizinga ya wageni, na nyuma ya mizinga damu yake mwenyewe? Barghash alikubali. Akakubali mengine ya bara, na akakubali na ya Witu.

Mtu wa haraka atasema kuwa Simba alishinda. Na tuitazame hati yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa wakaigawa pwani yetu baina yao. Zanzibar waliipa mkanda wa maili kumi. Witu waliipa nafasi ya kutokea baharini, kutoka Kipini mpaka kaskazini ya Ghuba ya Manda. Lamu iliandikwa waziwazi kuwa ni ya Zanzibar. Manda na Pate ziliachwa bila ya kuelezwa vizuri, na ubishi wake ukaja kusumbua baadaye. Kwa hiyo karatasi iliyomfanya Simba kuwa Sultani wa Witu haikumrudishia Pate, kiti cha babu zake, ambacho ndicho kilichomfanya aingie msituni tangu mwanzo. Alipewa jina la pale alipokimbilia, akanyimwa pale alipokimbia.

Simba alikufa wakati mwaka 1888 ukimalizika na 1889 ukiingia, akarithiwa na Fumo Bakari. Kwa macho ya mbali, hizo ndizo siku dola ilipopendeza zaidi. Kulikuwa na Kampuni ya Wajerumani ya Witu. Lamu kulikuwa na posta ya Kijerumani iliyofunguliwa Novemba 1888. Mwaka 1889 zikatolewa stempu kwa jina la Witu, ambazo wakusanyaji wa Ulaya huzibishania hadi leo. Mwaka huo huo Kampuni ya Wajerumani na ile ya Kiingereza ziligombania ushuru wa forodha ya Lamu, na kesi ikapelekwa kwa Baron Lambermont, Mbelgiji, ambaye mwezi wa Agosti aliamua kuwa Wajerumani hawakuthibitisha haki yao. Fikiria jambo hilo: ushuru wa Lamu, unaotokana na jasho la mabaharia wa Lamu, waamuliwa na mtu wa Ubelgiji baina ya Mdachi na Mwingereza. Kwa upande wa Fumo Bakari maana yake ilikuwa nyepesi kuifahamu. Rafiki yake hakuwa mwenye nguvu kuliko wote, na rafiki huyo sasa alikuwa akitafuta pa kuutua mzigo.

Akautua tarehe 1 Julai 1890. Katika mkataba uliotiwa sahihi Berlin siku hiyo, Ujerumani iliitoa Witu kwa Uingereza pamoja na madai yake yote ya pwani ya kaskazini, ikaukubali ulinzi wa Waingereza juu ya Zanzibar, na yenyewe ikachukua, pamoja na mambo mengine, kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Shuleni watoto wengi hufunzwa kuwa Zanzibar ilibadilishwa kwa Heligoland. Zanzibar haikuwa mali ya Mjerumani hata aweze kuibadilisha. Kilichokuwa mkononi mwake ni Witu. Nchi ya kama kilomita za mraba 3,000, pamoja na watu wake na sultani wake na mkataba wake, ilikuwa sehemu ya thamani iliyolipwa kwa jabali la baharini lisilofika kilomita mbili za mraba. Fumo Bakari hakuulizwa.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mwezi wa Septemba Mjerumani aitwaye Andreas Küntzel alifika Witu na wenziwe, wakitaka kukata miti ya msitu na kupasua mbao. Kufikiri kwa Fumo Bakari si vigumu kukufuata. Wadachi wamekwisha kumtoa katika himaya yao, na hawa hapa Wadachi wengine wamekuja na mashoka kuukata ule ule msitu ambao ndio ukuta wa mji wake. Aliwazuia. Küntzel hakuwa mtu wa subira. Maneno yalikuwa makali, na matusi yakamfika sultani. Tarehe 15 Septemba alitaka kutoka, lango limefungwa, bawabu akamzuia, Küntzel akampiga risasi. Baada ya risasi ile hapakuwa na wa kumshika mwenziwe. Wajerumani tisa waliuawa, baadhi pale mjini na wengine katika vijiji.

Berlin ikataka walioua waadhibiwe, na aliyepaswa kuadhibu sasa alikuwa Mwingereza. Fumo Bakari alitakiwa awatoe watu wake wakahukumiwe. Hakuwatoa. Basi Admirali Sir Edmund Fremantle akaja na manowari, akateremsha mamia ya mabaharia, pamoja na askari wa Kampuni na askari wa Zanzibar. Naam, askari wa Zanzibar pia; ugomvi wa Pate ulikuwa bado haujazikwa. Walitembea kwa miguu kutoka Kipini wakiburura mizinga midogo, na usiku watu wa Witu wakawashambulia njiani. Asubuhi ya tarehe 27 Oktoba 1890 lango lilivunjwa. Mji ukachomwa, nyumba zikabomolewa, na Mkonumbi nayo ikapata hiyo hiyo. Zawadi ya fedha ikatangazwa kwa atakayemleta sultani. Hakuna aliyemleta.

Katika vitu vilivyoteketea siku ile, kimoja chanitia huzuni kupita vyote. Wanabahani walipohama Pate walihama na kitabu chao cha habari za wafalme wa Pate, na yasemekana kilikuwa Witu mji ulipopigwa. Hakikuonekana tena. Nyumba ya miti na makuti hujengwa upya kwa msimu mmoja. Witu yenyewe ilijengwa upya. Lakini kitabu kile, chenye nasaba na miaka na vita na wanawake waliotawala, kilipotea na mwandiko wake. Tunachokisoma leo kwa jina la Habari za Pate kimetoka zaidi kinywani mwa mzee mmoja wa ukoo huo huo, Bwana Kitini, aliyewasimulia watu mbalimbali kwa kumbukumbu yake. Mwingereza Stigand aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1913, na Bibi Alice Werner akayatoa kwa Kiswahili muda mfupi baadaye. Nakala hazilingani miaka, na wanavyuoni hugombana juu yake. Wangekuwa waungwana zaidi kwa mzee yule kama wangekumbuka kila mara kwamba mwenye kusimulia alikuwa amechomewa daftari.

Fumo Bakari alikufa Januari 1891, na minong'ono ya sumu ilienea. Baada yake kilitokea kizaazaa cha muda mfupi cha nani arithi, kisha Fumo Omari akashika. Kampuni ya Kiingereza ilipewa kuitawala Witu mwezi wa Machi mwaka huo, ikafanya mkataba na Fumo Omari, ikagombana naye, na mwisho wa Julai 1893 ikakata tamaa ikajitoa. Wafanyabiashara walikuja kutafuta faida wakakuta msitu unaowala askari wao. Ndipo Rennell Rodd, aliyekuwa akikaimu ubalozi wa Kiingereza Unguja, alipokwenda mwenyewe na mabaharia, na mwezi wa Agosti 1893 Pumwani na Jongeni, ngome za watoro, zikavunjwa.

Waingereza walizipa vita hizi heshima yao ya kijeshi. Medali yao ya Afrika Mashariki na Magharibi ina ukingo ulioandikwa Witu 1890, na mwengine ulioandikwa Witu Agosti 1893. Kwa hiyo jina la mji wetu limo katika vifua vya mabaharia waliozikwa Uingereza, limechorwa vizuri kwenye chuma. Sijui kama kuna ubao wowote Witu kwenyewe wenye majina ya waliokufa upande wa pili. Niliyopita mimi sikuuona.

Na hapa nataka kuongeza kioja kimoja, kwani hakikuwa mbali na haya wala kwa mahali wala kwa wakati. Mwaka 1890, mwaka ule ule ambao Witu iliteketezwa, bwana mmoja wa Vienna aitwaye Theodor Hertzka alitoa kitabu cha kubuni juu ya nchi huru ambayo wazungu wangeijenga kwenye Mlima Kenya, nchi isiyo na tajiri wala maskini, akaiita Freiland. Watu wakakipenda hata wakaunda vyama. Mwaka 1894 kundi lao lilishuka Lamu, miezi tu baada ya Jongeni kuvunjwa, likitaka kuupanda Mto Tana hadi huko mlimani. Hawakufika. Walikaa Lamu wakagombana wao kwa wao, fedha ikawa tabu, na baada ya miezi michache wakatawanyika. Wao hawakupigwa na manowari yoyote. Walikuwa na katiba, kitabu na wafuasi katika miji mikubwa ya Ulaya, ila hawakuwa na nchi. Watoro wa Pumwani walikuwa na nchi, na hawakuwa na kitabu. Laiti ningekuwako siku ile gatini Lamu, ningependa kumwona mtoro mzee akiwatazama wale vijana na masanduku yao.

Mwisho wa Witu haukuwa na kishindo. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, na Witu wakaiwekea sultani waliyempenda, Omar bin Hamed, aliyetawala chini ya macho yao mpaka 1923. Alipoondoka hakuwekwa mwengine. Hivyo ndivyo mwisho ulivyokuwa: kiti kiliachwa wazi, na wakati ukapita.

Wako wanaoniuliza kama Witu ilikuwa dola kweli au ilikuwa genge lililopata bahati. Mimi huwarudishia swali: dola ni nini? Kama dola ni kutambuliwa na wakubwa, basi Witu ilikuwa dola miaka mitano tu, kutoka Mei 1885 mpaka Julai 1890, na waliompa udola ndio walioupokonya. Kama dola ni mahali ambapo watu wamekubali kuishi chini ya mtu mmoja, wakalima, wakasali, wakahukumiana na kulinda lango lao, basi ilikuwa dola tangu kabla Denhardt hajauona Mto Tana, na iliendelea msituni baada ya karatasi zote kuisha. Mimi nakubali hesabu ya pili. Wala sikatai kwamba dola ile ilikuwa na dhuluma yake. Sijaona ambayo haikuwa nayo.

Linalonishughulisha zaidi ni hili la karatasi, kwa sababu bado lipo. Bara ya Lamu leo imejaa kesi za mashamba, na mwenye hati humshinda mwenye kaburi la babu yake. Na karatasi zetu wenyewe, zile chache ambazo hazikuchomwa, zinaliwa na mchwa. Katika nyumba za Lamu, Siyu, Faza na Pate, na huku Mombasa kwa waliohama, yamo masanduku ya nyaraka za hati za Kiarabu: barua, mirathi, tenzi, kumbukumbu za madeni. Baadhi zimechukuliwa zamani na kuhifadhiwa, nyengine ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nyengine London. Nyengine zimeuzwa kwa wapita njia kwa bei ya kilo ya sukari.

Basi mwenye waraka wowote unaotaja Witu, Kau, Pumwani au Jongeni, au shairi alilolipokea kwa bibi yake juu ya Simba au Fumo Bakari, na asiuuze wala asiutie katika sanduku tena. Na asinipe mimi waraka wenyewe. Na uunakili au autie katika picha, auhifadhi wa asili nyumbani mwake, na nakala aipeleke katika ukurasa huu. Hati ikiwa mbaya si neno, tutaisoma pamoja. Kwa waliopokea kwa mdomo tu, nao na waandike kama walivyosikia, bila ya kusawazisha maneno ya wazee yawe ya kisasa. Majina ya vijiji vya watoro hasa ndiyo tunayoyahitaji, na majina ya watu waliokaa humo.